Upepo wa Kutoka Kulia

Ndege iliyonishinda ilikuwa ndogo, ya rangi ya njano, yenye viti viwili vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na gurudumu lake la tatu lilikuwa mkiani. Hilo gurudumu la mkiani ndilo lililonitoa kazini. Ndege nyingi za siku hizi zina gurudumu la tatu mbele, chini ya pua, na ukishatua unaweza hata kupiga miayo, zinajinyoosha zenyewe. Ile ya njano uzito wake umekaa nyuma ya magurudumu makubwa. Ukitua ukazubaa kidogo tu, mkia unataka kutangulia. Mtu wa Busia aliyewahi kupakia baiskeli magunia mawili ya mahindi nyuma, akateremka nayo mlima, anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Mzigo unajiamulia njia, na wewe unabaki umeshikilia kitu kisichokusikiliza.

Dawa yake ni miguu. Chini ya rubani kuna pedeli mbili zinazogeuza usukani wa mkiani, na kazi yake ni kukanyaga kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kupumzika, mpaka ndege isimame kabisa. Mimi nilikuwa mtu wa mikono. Asubuhi moja, kwenye kiwanja cha nyasi cha kampuni iliyoniajiri kunyunyizia dawa mashamba ya ngano, ndege ilizunguka kushoto, bawa la kulia likagonga chini na kupinda. Hakuna aliyeumia. Rubani mkuu, mzee mpole aliyekuwa kiti cha nyuma, alizima injini, kisha akasema nirudi nyumbani mpaka bawa litengenezwe. Likishapona atanipima tena, mara moja. Nikishindwa, basi kazi imekwisha.

Nilichukia upole wake. Angenifokea, ningelala vizuri.

Nyumbani kwangu ni Bukhayo, nje kidogo ya mji wa Busia, kwa watu wa mume wangu. Mimi mwenyewe ni Mteso wa Moding, niliolewa Bukhayo. Wakati huo mume wangu alikuwa Juba kwa kazi za ujenzi. Katika boma alibaki baba yake, aliyefiwa na mkewe miaka mingi, dereva wa malori wa zamani aliyevuka mpaka wa Malaba maisha yake yote. Mwanzoni mwa mwaka ule alipigwa na kiharusi, na mguu wake wa kushoto ukalegea. Binti yake, wifi yangu, alikuja kila asubuhi kumwosha, kumvalisha na kumkalisha kwenye kiti chake, kisha akaenda kufungua kibanda chake sokoni Busia. Mchana kutwa alihitajika mtu wa kuwa karibu, mzee asije akaanguka peke yake. Mtu huyo sasa nilikuwa mimi, niliyefukuzwa nusu.

Hapo palikuwa na shida yake. Kwa watu wa huku, mke wa mwana na baba mkwe hawazoeani. Hampeani mikono. Hukalii kiti chake, huli naye meza moja, huingii chumba chake cha kulala, na mkikutana njiani unampisha. Si chuki, ni heshima, na ukishaizoea haikuumi. Tangu niolewe sikuwahi kumgusa yule mzee hata ncha ya kidole. Salamu zetu zilipita hewani: "Mama, uko?" "Niko, baba." Tulisemezana kwa Kiswahili, kwa sababu Kikhayo changu ni cha kununulia mboga na Kiteso chake kilikuwa cha kugombana na wapakiaji wa mizigo. Sasa nilitakiwa kumlinda mtu nisiyeweza kumshika.

Tulipata njia. Sebule yake ilipakana na chumba kidogo walimolala watoto zamani, na mlango wa katikati haukuwa na ubao, ulikuwa na pazia tu la maua ya zambarau. Yeye alikaa sebuleni. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na kompyuta yangu. Akikohoa nasikia, akitaka maji anasema, na akianguka nitaita wanaume wa boma la jirani.

Kompyuta ilikuwa ya simuleta, yaani programu inayoiga ndege. Rubani mkuu ndiye aliyeniambia nijaribu, kwa sababu mafuta ya ndege si ya kuchezea, na kwenye simuleta mtu anaweza kuvunja bawa kila dakika na hakuna anayemlipisha. Ndani yake nilipata ndege ya aina ile ile. Fimbo ya usukani niliagiza Nairobi. Pedeli ndizo sikupata, nikaenda Malaba kwa fundi wa kuchomelea aliye kando ya foleni ya malori, nikamchorea kwenye kipande cha boksi. Alikata vyuma vya lori bovu, akatia springi za kiti cha matatu, na ndani akafunga kile kidude cha redio cha kuongeza na kupunguza sauti, ili kompyuta ijue umekanyaga kiasi gani. Zilikuwa nzito, mbaya kwa sura, na zilifanya kazi.

Wiki ya kwanza nilianguka kutwa nzima. Ungesikia matairi yanagusa lami, kisha chuma kinaburuzika, kisha kimya. Naanza upya. Nilitukana kwa Kiteso nikijua hakuna wa kunielewa, na bila shaka mzee alielewa kila neno, kwa kuwa Kiteso chake kilikuwa cha namna hiyo hiyo. Siku moja sauti yake ikapita kwenye pazia.

"Mama, hiyo gari yako inaanguka kila saa?"

"Ni ndege, baba. Ya kujifunza."

"Na dereva ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi mimi sipandi."

Niliziba mdomo kwa kanga nisicheke kwa nguvu. Miaka yote ile sikujua kwamba yule mzee ni mcheshi. Nilikuwa nimeishi naye boma moja kama watu wawili wanaotumia kisima kimoja kwa saa tofauti.

Yeye naye alikuwa na masomo yake yaliyomshinda. Hospitalini walimwambia asukume ukuta kwa mguu wa kushoto, asubuhi, mchana na jioni, ili mguu ukumbuke kazi. Alikataa kabisa. "Nisukume ukuta, uende wapi?" alimwambia wifi. Wifi aligomba, akabembeleza, akalia, mzee akatazama pembeni. Mguu ulizidi kukonda. Nilikuwa nikimwona kwa mbali akitolewa nje kuota jua, kiatu cha kushoto kikiburuzika na kuacha mchirizi kwenye vumbi, na moyo uliniuma.

Mchana mmoja, baada ya kuanguka kwangu kwa kawaida, aliuliza: "Huko ndani ya ndege, miguu inafanya nini?"

Nikamweleza.

"Ni klachi?"

"Si klachi, baba. Ni kama usukani, lakini ya miguu."

"Na wewe miguu imekataa."

"Imekataa."

"Hata mimi moja imekataa," alisema, bila kujihurumia, kama mtu anayetaja hali ya barabara.

Wazo lilinijia nikiosha vyombo, na nilipomwambia wifi kesho yake alicheka mpaka akaketi chini. Jioni alirudi kutoka Busia na waya mrefu. Asubuhi iliyofuata alizivuta zile pedeli mpaka mbele ya kiti cha baba yake, akaweka miguu yake juu, ule wa kushoto akaufunga kwa kitambaa cha kichwa usiteleze. Waya ulipita sakafuni, chini ya pazia, mpaka kwenye kompyuta yangu. Mimi nilibaki na fimbo na macho. Yeye alikuwa na miguu, na hakuona chochote ila maua ya zambarau.

Mara ya kwanza ndege haikufika hata nusu ya njia. Mzee alikanyaga pedeli kama klachi ya lori, mpaka chini, akaishikilia hapo. Ndege ikazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake.

"Umekanyaga sana, baba."

"Si uliniambia nikanyage?"

"Kidogo. Halafu uachilie."

"Kidogo ni ngapi? Mimi sioni kitu." Nikasikia anajiweka sawa kitini. "Wewe niite kama taniboi. Unajua kuita?"

Najua. Nani amekulia upande wa Malaba asijue? Lori lenye tela likirudi nyuma ndani ya yadi, dereva haoni chochote cha nyuma. Taniboi wake anasimama huko, anapiga bodi kwa kofi na kuita, na dereva anatii sauti tu. Anaweka maisha ya mzigo wote kwenye koo la mtu asiyemwona. Basi nikaanza kuita. "Kuja, kuja, kuja. Kata kushoto. Rudisha. Kuja. Kata kidogo. Rudisha. Hapo hapo." Na miguu ikanijibu kutoka upande wa pili wa pazia.

Kwa siku nyingi haikufaa kitu, na sababu ilikuwa mguu wake. Ulikuwa mzito kuitika. Kati ya neno langu na kukanyaga kwake ilipita nafasi ndefu, na ndani ya nafasi hiyo ndege ilikwisha kuingia majanini. Nilikasirika. Nilimkasirikia, nikajikasirikia kwa kumkasirikia, nikatoka nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Halafu polepole nikaona kwamba hakuna njia nyingine ila niseme kabla. Nisingoje pua igeuke, niseme ikiwa bado inafikiria kugeuka. Nikaacha kutazama pua, nikatazama mwisho kabisa wa njia, pale inapokuwa nyembamba, na nikaanza kuiona ile dalili ndogo, kama mtu anayetaka kusema jambo kabla hajafungua mdomo. "Kata kushoto," nilisema, ndege ikiwa bado imenyooka. Mguu wa mzee ukachukua muda wake, ukakanyaga, na kukanyaga kwake kukakutana na kosa pale pale lilipozaliwa.

Rubani mkuu alikuwa ameniambia niwe naona mapema. Aliniambia mara nyingi, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilielewa siku ile tu, kwa sababu nilikuwa nikimngoja mgonjwa.

Katika simuleta unaweza kuweka upepo utakavyo. Upepo ukitoka kulia, pua ya ndege inataka kugeukia kulia, na mguu wa kushoto ndio unaoizuia. Kwa hiyo niliweka upepo utoke kulia. Niliuweka hivyo kesho yake na siku zilizofuata zote, kwanza mwanana, kisha wa wastani, kisha ule unaopindisha migomba, na ule mguu uliokataa ukuta ukakanyaga toka asubuhi mpaka chakula cha mchana. Sikumwambia. Sikuona haja.

Nayaita yale majuma ya furaha, ingawa wakati ule niliyahesabu kuwa ya kungoja. Alfajiri akishavalishwa aliuliza, "Leo tunaenda wapi?" Nami nilimchagulia. Tulitua Kisumu, tukatua Mombasa, na siku moja aliomba Juba, akamwone mwanawe. Ndege ikisimama nilisema, "Tumefika, baba," naye akauliza, "Salama?" Nikisema salama, alijibu, "Haya, shusha mizigo." Kitambaa cha kichwa kilifunguliwa, mguu haukuhitaji tena kufungwa. Siku moja wifi alimtoa nje, na kiatu cha kushoto kikanyanyuka. Kilinyanyuka kidogo tu, lakini hakikuacha mchirizi. Wifi alinitazama kwa mbali, akafunika uso kwa mikono yake yote miwili.

Habari zikamfikia dada wa yule mzee, shangazi wa mume wangu, mwanamke wa kanisa na wa desturi, aliyekuja siku hiyo hiyo bila kuweka mfuko wake chini. Alisimama katikati ya sebule akasikiliza jinsi ninavyoita na jinsi kaka yake anavyokanyaga. Nilikuwa nyuma ya pazia nikijiona kama mwizi wa kuku.

"Sasa hii ni nini?" aliuliza. "Mtu na mke wa mtoto wake wanachezea kitu moja kwa miguu?"

"Yeye ako na mkono, mimi niko na mguu," mzee alimjibu. "Pazia si hiyo unaona? Ni waya peke yake inapita."

"Waya inapita."

"Hata stima inapita kwa waya kutoka kwako mpaka kwangu. Tumegusana?"

Shangazi aliuvuta ule waya kidogo kwa ncha ya kiatu, akauinamia kuutazama, akaurudisha chini. Alisema pazia lisifunguliwe hata siku moja, kisha akaomba chai. Alipokuwa akiinywa alitaka kujua kama ile ndege ingeweza kwenda Roma.

Kisha rubani mkuu akapiga simu. Bawa lilikuwa tayari. Alinipa wiki mbili za kujiandaa, akanikumbusha kwa upole wake ule ule kwamba kwenye kiwanja chetu upepo hutoka zaidi kushoto. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimeliweka mbali. Siku mzee alipopelekwa kliniki nilivuta pedeli upande wangu, nikaweka upepo wa kushoto, nikatia miguu yangu mwenyewe. Ndege iliingia majanini. Nilirudia, ikaingia tena. Macho yalikuwa yanaona mapema sana, lakini miguu yangu ilikuwa imekaa bure majuma yote yale, na midomo ndiyo iliyojua kazi.

Kesho yake nilimrudishia pedeli, lakini upepo niliuacha kushoto, nikisema moyoni kwamba angalau sauti yangu ijifunze. Hatukuwa tumetua sana alipoacha kukanyaga.

"Mama."

"Baba."

"Leo ni mguu ya kulia peke yake inafanya kazi."

Niliondoa mkono kwenye fimbo.

"Siku zote ilikuwa ya kushoto. Kushoto, kushoto, kushoto. Nilidhani ndege iko hivyo." Yule alikuwa ameendesha malori maisha yake yote. Miguu yake iliwahi kumwambia tairi lipi limepungua upepo kabla hajashuka kuangalia. "Ni wewe ulikuwa unaweka hivyo?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia ukweli, kwamba upepo unawekwa, na niliuweka kulia kwa ajili ya ule mguu.

"Ulikuwa unanionea huruma," alisema.

"Nilikuwa nakupea mazoezi."

"Sikuomba."

"Hata ukuta hukuomba, baba. Daktari alikupea tu."

Hayo si maneno ya mkaza mwana kwa baba mkwe wake. Nilisikia pedeli zikisukumwa, chuma kikikwaruza sementi. Wifi alipokuja jioni, mzee alimwambia avitoe vile vitu. "Peleka kwa mwenyewe," alisema. "Siku zake za kujiandaa zinakwisha, mimi namchezea." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitesa. Alikuwa amedhani anaendesha. Majuma yale yote alidhani kuna mahali anahitajika, kama zamani, halafu akagundua kwamba amepewa usukani wa kuchezea apate kutulia.

Haikuwa hivyo. Nilitamani kumweleza kwamba kama si uzito wa mguu wake nisingejifunza kuona, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinibeba. Nilimweleza, kupitia pazia, kwa Kiswahili changu chote. "Ni sawa, mama," alijibu. Nilimwambia tugawane, asubuhi yake, mchana wangu. "Endesha," akasema. Nilirudi Malaba, yule fundi akatengeneza pedeli nyingine, zisizo na waya, za springi tupu, mguu upate kitu cha kukanyaga. Wifi alimwekea. Alizikanyaga asubuhi moja kwa utii, kisha akaziondoa.

"Hii haiendi mahali," alimwambia binti yake.

Basi nilifanya mazoezi peke yangu, na nilifanya vizuri. Nasema hivyo kwa uchungu. Upepo wa kushoto, wa kulia, wa kubadilika, njia fupi, njia yenye mawimbi, yote nilitua nikijiitia kwa sauti ya chini, kata, rudisha, kuja, na miguu yangu ikaanza kuitika bila kungoja neno. Hofu iliyonikaa tumboni tangu siku ya bawa iliondoka taratibu, kama maji yanavyoondoka shambani baada ya mafuriko, ukaona ardhi yako tena. Na kila nilipofurahi nilisikia ukimya wa upande wa pili. Nilisikia kiti chake kikilia alipojigeuza. Hakuuliza tena tunaenda wapi. Wifi akimtoa nje, kiatu kilianza tena kuchora vumbi, na wifi hakunilaumu kwa neno lolote, akaniletea ndizi kama kawaida. Daktari alisema baadaye kwamba haya mambo huja yenyewe, kwamba hakuna uhusiano na pedeli. Namwamini daktari. Lakini nilikuwapo, na nilikuwa nikisikia.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta amesimama. Alikuwa mlangoni mwa sebule, fimbo mkono wa kulia, wifi nyuma yake mikono tayari kumdaka. Nilisimama uani kwa umbali unaotakiwa, na mkoba wangu.

"Mama, unaenda."

"Naenda, baba."

Alitazama miti kama anayekagua hali ya hewa. "Upepo ikitoka kulia," alisema, "hiyo ni yangu."

Nilisema sawa baba, nikageuka upesi, maana hata machozi mbele ya baba mkwe yana adabu yake.

Kesho yake asubuhi, kiwanjani, ndege ilikuwa imepakwa rangi mpya kwenye bawa, njano ing'aayo kuliko ile nyingine, hata nikaona aibu upya. Rubani mkuu aliketi nyuma. Tulipanda, tukazunguka, nikaishusha kuelekea majani yale yale. Niliangalia mwisho wa njia. Magurudumu yakagusa, mkia ukakaa, na nikaanza kuita. Sikujua kwamba naita kwa sauti mpaka niliposikia kwenye vipokezi vya masikioni rubani mkuu akiuliza naongea na nani. Miguu ilikuwa kazini. Ndege ilisimama katikati ya njia kama ng'ombe aliyefika zizini. Tukarudia, na tena, mpaka aliporidhika. Upepo ulitoka kushoto asubuhi nzima.

Rubani mkuu alinipa mkono, akasema Jumatatu niripoti. Nilitembea mpaka kwenye uzio, nikampigia wifi. Nilikuwa nimepanga maneno: mwambie baba tumefika, salama. Simu iliita mpaka ikakata. Nilipiga tena. Alipokuja kunipigia yeye, alikuwa kwenye ukumbi wenye mwangwi, watu wengi wakisema kwa pamoja, na kabla hajasema nilijua ni hospitali. Kiharusi kilikuwa kimerudi. Wifi alimkuta kitandani, asubuhi ile ile, alipofika kumwosha.

Niliingia Busia siku iliyofuata. Wodini palikuwa na vitanda karibu karibu, na wifi alikuwa ametoka kutafuta uji. Mzee alilala chali, mdomo umekwenda upande, macho yamefunguka nusu. Nilisimama mwisho wa kitanda kwa umbali wetu wa siku zote. Muuguzi, msichana mwenye haraka, alikuja na faili.

"Wewe ni msichana wake?"

Nilitazama mlangoni. Wifi hakuonekana.

"Ndiyo," nilisema.

"Nisaidie hapa. Shika huo mguu ya kushoto, weka mkono chini ya nyayo, mwambie asukume."

Nilifunua blanketi. Nilikuwa naujua mguu ule kuliko watu wote. Nilijua unachukua muda gani kuitika, nilijua ukichoka unavyotetemeka kabla ya kuachilia, nilijua siku ulipolala vibaya na siku ulipokuwa na hamu ya kazi. Sikuwahi kuuona bila kiatu. Ulikuwa mpana, kisigino kimepasuka, na kidole gumba kilikuwa na kucha nyeusi ya jeraha la zamani. Niliweka kiganja changu chini ya unyayo wake.

"Baba," nilimwambia, "sukuma."

Tulingoja. Nilimwambia muuguzi ampe muda, kwamba mguu huo ni wa kuchelewa, asiuharakishe. Alingoja kwa heshima, kisha akaandika kitu kwenye faili na kwenda kitanda kingine. Mimi nilibaki. Nilimwambia tena. Nilimwambia kwamba nimetua, kwamba bawa ni zima, kwamba Jumatatu naanza kazi, nikarudia kumwomba asukume kidogo tu, kidogo kabisa, na kiganjani mwangu hakikuja kitu.

Hakutoka tena kwenye kitanda kile akiwa hai.

Siku ile wifi alirudi na chupa ya uji, akasimama. Aliona mkono wangu ulipo. Niliona ameona, nikangoja aseme, na sikuutoa. Alikuja upande wa pili wa kitanda, akaiweka chupa chini polepole.

"Mguu bado iko na joto?" aliuliza.

"Iko," nikamwambia.